Dawa ya Ghalani Haitoshi

Serikali zikizungumzia kujikinga na silaha za kemikali, hesabu huishia ghalani: katoni za dawa, barakoa na kufuli kubwa. Swali langu ni moja tu, wasomaji. Nani atatambua kwamba dawa hiyo ndiyo inayohitajika, na atatambua baada ya muda gani?

Chukua mfano wa Tokyo. Tarehe 20 Machi 1995, wafuasi wa Aum Shinrikyo walisambaza sumu ya sarini kwenye treni za chini ya ardhi, watu wakielekea kazini. Hospitali ya St. Luke's peke yake ilipokea wagonjwa 640 siku hiyo. Taarifa za mwanzo zilisema ni mlipuko. Polisi walithibitisha sarini muda wa saa tatu hivi baadaye.

Aliyesaidia ni daktari wa Matsumoto, mji ulioshambuliwa kwa sarini Juni 1994. Alitazama televisheni, akazijua dalili, akawapigia simu madaktari wa Tokyo na kuwatumia maelezo ya matibabu kwa faksi. Naam, faksi!

Na dawa je? Ni atropini na pralidoksimu, zilezile wanazopewa watu waliodhurika na baadhi ya dawa za kuua wadudu. Sarini ni ya ukoo huohuo wa kemikali.

Pigo lingine lilitokana na nguo. Wagonjwa waliingia wodini na nguo zenye sumu, mvuke ukawadhuru wahudumu zaidi ya 100. Kuvua nguo na kuoga hakuhitaji mabilioni. Kunahitaji mazoezi.

Sisi waandishi wa programu tunalijua jambo hili. Nakala ya akiba ambayo hujawahi kujaribu kuirejesha ni matumaini tu. Ghala la dawa ni vivyo hivyo.

Mtaniambia Kenya haina Aum Shinrikyo. Sawa, lakini wakulima wanaodhurika na dawa za wadudu tunao. Kwa hiyo tuanze hapo: atropini katika hospitali za mashinani, nambari ya simu ya kuuliza kuhusu sumu inayopokelewa usiku na mchana, na mfumo wa kuonyesha dalili zinazofanana zikizuka hospitali mbili kwa wakati mmoja. Vitu hivyo vitaokoa mtu wiki hii. Siku ya balaa kubwa ikifika, vitakuwa vimeshazoeleka.

Nyinyi mwaonaje?