MOTO UKIRUKA MDOMO WA BOMBA, ASILAUMIWE KIJANA



Sisi tunaokata chuma cha reli hapa Eldoret tumelizoea jambo moja. Kijana anayejifunza kazi afungua asetilini, awasha, kisha azidisha gesi. Mara moto waacha mdomo wa bomba, wasimama hewani peke yake. Akizidisha tena, wazimika. Hapo hutukanwa kwamba ana mkono mzito. Sisi twasema si haki, maana hakuna aliyemweleza sababu.

Sababu ni hii. Gesi hutoka mdomoni kwa mbio, na moto nao una mwendo wake wa kurudi nyuma kuifuata gesi iliyochanganyika na hewa. Ni kama mtu anayeogelea kuupanda mto Sosiani. Maji yakimshinda, humchukua mpaka mahali palipotulia. Vivyo hivyo moto husukumwa mpaka pale gesi ilipopata hewa ya kutosha na mbio zake zimepungua. Usipopata mahali hapo, hufa.

Fundi mzuri huitumia alama hiyo. Hufungua asetilini mpaka moto uanze kuruka, hupunguza mpaka urudi mdomoni, ndipo huongeza oksijeni.

Lakini gesi ya mitungi kama ya jikoni ina hatari zaidi. Mwendo wa moto wake haufiki nusu ya ule wa asetilini, kwa hiyo huruka upesi. Tena ni nzito kuliko hewa. Moto ukizimika na gesi ikiendelea kutoka, hujaa katika shimo chini ya behewa. Sehemu 2 hivi katika 100 za hewa zatosha kulipuka.

Wazee wetu wa mvuke walilijua jambo hili. Injini 34 za Garratt za aina ya 59, zilizoletwa miaka ya 1955 na 1956, zilichoma mafuta mazito yaliyopulizwa kwa mvuke. Moto ukizimika na mafuta yakiendelea kuingia, tanuri liliweza kumrudishia mtia moto ndimi usoni.

Basi twadai mambo matatu: geji zisemazo kweli, mdomo wa bomba unaolingana na gesi, na mafundisho kabla kijana hajashika bomba. Chama kiyafikishe kwa wakubwa.

Nasi wenyewe tushike neno hili: moto ukizimika, funga gesi kwanza, toka shimoni, ngoja gesi iondoke, ndipo uwashe tena. Kazi ya dakika chache isitupotezee mtu.