Tusitupe Maneno ya Reli

Majuzi mwanafunzi wangu, ambaye kwao ni Mariakani, aliniuliza gadi ni nani. Swali hilo lilinishtua. Reli ya kale, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, inapita mjini kwao. Hata hivyo, kijana huyu hakuwahi kusikia habari za mtu aliyekaa katika behewa la mwisho, mwenye bendera mchana na taa usiku, akichunga breki na kuhakikisha kwamba hakuna behewa lililokatika njiani.

Simlaumu. Safari za abiria katika reli hiyo kati ya Mombasa na Nairobi zilikoma mwaka 2017, reli mpya ilipofunguliwa. Neno lisilotamkwa hufa upesi kuliko chuma kinavyoshika kutu.

Huko Marekani, behewa la gadi huitwa "caboose", na baada ya mitambo kuchukua kazi yake, miji mingi midogo iliyahifadhi mabehewa hayo katika bustani zake. Neno hilo asili yake ni Kiholanzi, nalo lilimaanisha jiko la merikebuni. Letu nalo lina nasaba. Kabla ya reli, behewa lilikuwa ua wa ndani wa nyumba kubwa ya Mswahili. Mpwani alipoliona gari la chuma, hakuomba neno ng'ambo; alilitoa nyumbani kwake. Stesheni na gadi tulizikopa kwa Mwingereza, tukazivisha sauti zetu. Basi historia ya reli imo katika msamiati kama ilivyo katika mataruma.

Ni kweli kwamba Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, yamehifadhi behewa ambamo simba alimnyakua afisa wa polisi, Charles Ryall, pale Kima mwaka 1900. Hiyo ni kumbukumbu ya thamani. Lakini je, behewa ni la kukumbukwa kwa sababu ya simba tu? Wapi gadi, mpiga kengele na mtia makaa?

Kaunti ya Kilifi inajivunia Gede, iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024, na makaya ya Wamijikenda, yaliyotangulia mwaka 2008. Haki ya Mariakani nayo itambuliwe. Naomba behewa moja la gadi liwekwe pale, mahali ambapo watoto watapanda bila kulipa. Muhimu zaidi, wazee waliofanya kazi relini wahojiwe wangali hai, na maneno yao yaandikwe na kusikika humo ndani. Behewa lisilo na maneno ya waliolitumikia ni bati tupu.

Wahenga walisema, mtupa jongoo hutupa na mti wake. Sisi tumelitupa behewa. Tusitupe na maneno yake.