Mkulima wa Chai, Onja Ulimacho

Mimi ni karani wa ofisi ya kilimo, na nakaa mtaa wa Tena, Nairobi. Majirani hunicheka kwa kuwa sinunui chai ya vifuko vya karatasi. Hununua chai ya majani yaliyosokotwa, nikayatia katika buli, nikayamwagia maji yaliyotoka kuchemka na kungoja dakika 4. Kisha hufunua na kutazama. Jani hukunjuka, nami huona kazi ya mchumaji: ama ni majani mawili na chipukizi, ama ni jani pana lililokomaa.

Sisemi haya kwa anasa. Wengi wenu katika skimu za makazi, kama zile za Borabu na Nandi, mwauza majani mwaka mzima, lakini chai mnayokunywa ni ya dukani, isiyojulikana ilitoka shamba gani. Viwanda vyetu vingi husaga jani likawa chembechembe. Njia hiyo ni nzuri, kwani hutoa chai nyekundu yenye nguvu, ifaayo kwa maziwa. Lakini jani likisagwa, macho hayawezi tena kulihukumu. Ulimi ndio uwezao.

Basi fikiri hivi. Kituoni majani hupimwa kwa kilo. Achumaye jani gumu hupata uzito. Jirani achaguaye hupata kilo chache. Kisha yote hupakiwa katika gari moja, hutengenezwa pamoja, na kuuzwa katika mnada wa Mombasa kwa jina la kiwanda kimoja. Wanunuzi huonja kabla ya kutaja bei. Kwa hiyo achumaye ovyo anakula bonasi ya jirani yake.

Mtasema kwamba mbolea ni ghali na gharama za kiwanda ni kubwa. Ni kweli. Tena miaka ya karibuni bonasi za magharibi ya Bonde la Ufa zimekuwa chini ya zile za mashariki, na jani peke yake halielezi tofauti hiyo yote. Waulizeni wakurugenzi mliowachagua. Hiyo ni haki yenu. Lakini jani ndilo lililo mkononi mwako leo.

Kumbukeni pia kwamba kiwanda cha kwanza cha wakulima wadogo kilijengwa Ragati, Nyeri, mwaka 1957. Wakati ule wako waliodhani kwamba mkulima mdogo hawezi kutoa chai bora. Wazee wetu waliwajibu kwa majani mawili na chipukizi. Sifa hiyo ni mali, na mali huweza kupotea.

Kwa hiyo, chuma majani mawili na chipukizi. Tumia kikapu chenye kupitisha hewa, wala usiyashindilie, kwa maana jani likipondeka na kupata joto huanza kuharibika njiani. Lifikishe kituoni siku ile ile.

Tena ulizia chai ya kiwanda chako, ununue pakiti moja. Itengeneze bila maziwa wala sukari, uweke kando yake chai ya kiwanda kingine, na watu wote wa nyumbani waonje, hasa wale wachumao. Mtoto aliyeijua chai nzuri kwa ulimi wake hahitaji kukemewa shambani. Naye mzazi aliyeionja ataweza kusimama katika mkutano wa kiwanda na kusema kwa ujuzi, si kwa kunung'unika tu.