Kompyuta na Mtegemea cha Nduguye

Tarehe 21 Juni 1948, kompyuta ya Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, iliendesha programu yake ya kwanza. Tom Kilburn, mmoja wa waundaji wake, ndiye aliyeiandika. Tanzania nayo ilinunua kompyuta kwa ajili ya hesabu za serikali, ikawategemea wataalamu wa kigeni. Hesabu zikavurugika, na mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta ukapigwa marufuku. Kwa maoni yangu, marufuku hayo yalitibu dalili, yakauacha ugonjwa: ukosefu wa maarifa.

Leo umeme wa Jinja huwasha kompyuta hadi Mbale. Wanafunzi, msiridhike kubonyeza vitufe tu. Jifunzeni kuandika programu. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.