Mashariki mwa Kongo: Himaya za kale si mipaka ya leo

Aprili 2023, akiwa mjini Cotonou, Benin, Rais Paul Kagame wa Rwanda alisema kuwa mipaka ya kikoloni iliiacha sehemu kubwa ya Rwanda nje, mashariki mwa Kongo na kusini magharibi mwa Uganda. Alikuwa akieleza kwa nini wasemaji wa Kinyarwanda wa Kongo wahesabiwe kuwa Wakongomani. Kinshasa iliyapinga matamshi hayo, ikiyaona kuwa tishio kwa ardhi yake.

Mzozo huo unatokana na kuipima himaya ya kale kwa ramani ya sasa. Mfalme Kigeli Rwabugiri, aliyefariki mwaka 1895, alipeleka majeshi yake magharibi mwa Ziwa Kivu. Kisiwa cha Idjwi alikiteka, lakini baada ya kifo chake kilijitenga tena. Bushi, iliko Bukavu ya leo, ilimpinga vikali. Kwingine machifu walilipa kodi msimu mmoja na kuikataa msimu uliofuata. Mamlaka ya mfalme yalifuata watu, ng'ombe na utii, na yalipungua kadiri mtu alivyokwenda mbali na ikulu. Mstari wenye vigingi ulikuja na mkataba wa mwaka 1910 kati ya Ujerumani, Ubelgiji na Uingereza.

Upande wa pili nao huteleza. Jina Kongo latokana na ufalme uliokuwa karibu na Bahari ya Atlantiki, ambao mji wake mkuu, Mbanza Kongo, sasa uko Angola. Ufalme huo haukuwahi kuitawala Kivu.

Wanaoumia ni wananchi. Wako wasemaji wa Kinyarwanda waliokuwa Rutshuru kabla ya mwaka 1910, waliohamishiwa Masisi na Wabelgiji tangu miaka ya 1930, na waliokimbia Rwanda kuanzia 1959. Anayewaita wote wageni, na anayeiita ardhi wanakoishi Rwanda, wote wawili wanaifuta historia hiyo.

Mwaka 1964 mjini Cairo, viongozi wa Afrika waliazimia kuheshimu mipaka iliyorithiwa wakati wa uhuru. Sheria ya uraia ya Kongo ya mwaka 2004 nayo inaangalia jamii zilizokuwapo nchini wakati wa uhuru, mwaka 1960. Kwa hiyo haki ya mkazi wa Masisi haihitaji kuthibitishwa na ushindi wa Rwabugiri, wala haifutwi na kushindwa kwake.