Biharusi, Vespa Yako Ijue Mwenyewe



Hapa kwetu visiwani vespa si chombo cha wanaume peke yao. Asubuhi barabara za kuingia Mjini zina walimu, wauguzi na wanafunzi wa chuo, buibui limekunjwa vizuri, helmeti juu ya mtandio. Mabiharusi nao wanaingia ndoani na vespa zao, wengine wamezinunua kwa jasho lao, wengine wamepewa zawadi. Maashaallah, ni jambo la kheri. Lakini tuna neno.

Somo humfundisha biharusi mengi: singo, udi, kupika, kukaa na wakwe. Kuhusu chombo atakachokipanda kila siku, hakuna anayemwambia kitu. Basi mwaka wa kwanza wa ndoa, pesa zenyewe bado za kuhesabu, kila mara ni "chombo kibovu, nataka pesa ya fundi". Mume akiuliza kimeharibika nini, jawabu hana, fundi kasema tu. Pesa inatoka, na maneno yanabaki ndani ya nyumba.

Rai yetu ni hii: kila mwanamke mwenye vespa ajifunze kazi nne azifanye mwenyewe. Upepo, oili, plagi na filta ya hewa. Hizo tu.

Tusidanganyane kuhusu pesa. Tuseme unakwenda kilomita 20 kwa siku, na kitabu cha chombo chako kinasema oili ibadilishwe kila kilomita 2,000. Ni kila baada ya siku 100, yaani mara tatu au nne kwa mwaka. Ujira wa fundi wa mara nne hautokujengea nyumba. Faida kubwa iko kwengine. Injini iliyokaukiwa oili inasagika ndani, na kuifungua na kuitengeneza ni gharama ambayo ingekununulia oili miaka mingi. Pia ukijua plagi yako umeibadilisha lini, huuziwi nyengine usiyoihitaji. Mafundi waaminifu tunao, alhamdulillahi, na hao hawachukii mteja anayejua.

Tuanze na upepo, maana tairi laini hula petroli, huisha haraka na huyumba kwenye kona. Kipimo kimeandikwa kwenye kitabu, na mara nyingi tairi la nyuma linataka zaidi kuliko la mbele. Pima asubuhi kabla hujatoka, tairi likiwa la baridi. Wakati huo huo tazama pindo la buibui na ncha ya mtandio. Nguo ikinaswa na gurudumu hakuna fundi wa kukusaidia.

Oili ya skuta nyingi ndogo za siku hizi haifiki lita moja. Simamisha chombo pahala palipo sawa, washa injini dakika chache ili oili ilainike, kisha zima. Weka beseni chini, fungua nati ya kumwagia, iache ichuruzike yote. Rudisha nati, tia oili ya aina iliyotajwa kitabuni, pima kwa kijiti chake. Nati usiikaze kwa nguvu zako zote, bati la injini ni laini na njia za nati zikichunika umejitafutia gharama mpya. Vespa za zamani za gia ni mambo mengine: nyingi oili yake huchanganywa na petroli, kiasi cha mililita 20 kwa kila lita, na gia zina oili yake mbali. Ile oili chafu tia kwenye dumu umpelekee fundi. Usiimwage uwanjani. Sehemu kubwa ya kisiwa chetu ni jiwe la matumbawe, na kinachomwagwa juu hushuka kwenye maji ya visima tunayoyanywa.

Plagi ifungue injini ikiwa baridi. Ncha ya rangi ya kahawia hafifu ni salama. Nyeusi yenye masizi, huenda filta ya hewa imeziba. Ikiwa imelowa oili, injini inakula oili, na hapo mwite fundi. Filta nayo itazame mara kwa mara, hasa kwa wanaopita njia za vumbi. Wenzetu wa Paje, Jambiani na Nungwi waongeze moja: chumvi ya bahari hula chuma. Osheni chombo kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na vichwa vya betri mvipake mafuta ya mgando.

Breki, mkanda wa ndani, na kufungua injini, hayo mwachieni fundi. Kujua mpaka wako ni sehemu ya ujuzi.

Wapo watakaosema hii si kazi ya mwanamke, mkono wenye hina haushiki oili. Tunawaheshimu, lakini hatukubaliani nao. Imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba Bi Asmaa binti Abubakar, radhi za Allah zimshukie, alipoolewa na Zubeir alikuwa akimlisha na kumnywesha farasi wao, na akibeba kokwa za tende kichwani kutoka mbali. Heshima yake haikupungua. Kisa hicho hicho kinasema pia kwamba baba yake alipomletea mtumishi wa kumtunza farasi, alihisi kama ameachwa huru. Kwa hivyo hatusemi mzigo wote umwangukie mwanamke. Mume akipenda kumwaga oili mwenyewe, Allah amlipe kheri. Tunasema asiwepo mwanamke aliyekwama njiani magharibi, peke yake, kwa jambo ambalo spana moja ingelimaliza nyumbani.

Glavu za mpira zipo, na hina hainuniki ikivaliwa glavu. Kazi yenyewe fanyeni uani, kwa stara, nguo kuukuu na kanga kiunoni. Atakayekufundisha anaweza kuwa kaka, mjomba au shoga yako anayejua.

Kwa masomo na mama wa mabiharusi, tunaomba jambo moja. Mnapopanga sanduku, kati ya manukato na madira tieni spana ya plagi, kipimo cha upepo na daftari dogo. Humo biharusi aandike tarehe, kilomita, alichobadilisha na alicholipa. Siku mume atakapouliza pesa imekwenda wapi, atamfungulia ukurasa, na mazungumzo yatakwisha kwa salama.

Allah atuhifadhi barabarani na azibariki nyumba zetu. Aamin.