MOYO UKISIMAMA MLIMANI

Mtu akianguka leo katika soko la Lushoto, moyo wake ukasimama na pumzi ikakatika, hatakufa kwa sababu nchi haina mabingwa wa moyo. Mabingwa tunao. Pale Muhimbili, Dar es Salaam, ipo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, nayo hufanya kazi ambazo zamani zilitulazimu kuwapeleka wagonjwa wetu India. Mtu huyo atakufa kwa ajili ya dakika. Ubongo uliokosa damu huanza kuharibika baada ya dakika 4 au 5 hivi. Na kila dakika ipitayo bila mtu wa kumkandamiza kifua hupunguza tumaini la kupona kwa sehemu 7 hadi 10 katika mia. Nayo barabara ya kushuka Mombo, kona juu ya kona, ni zaidi ya kilomita 30, na hapo hujafika Korogwe wala Bombo. Aliyeko Mtae au Mlalo ana safari nyingine ya kufika Lushoto kwanza.

Basi twauliza: dakika hizo ni za nani? Si za daktari, maana hayupo. Ni za mchuma chai aliye mstari mmoja na mwenzake, ni za utingo wa basi, za mwalimu, za mama auzaye karoti na kabichi kando ya barabara. Kama hao hawajui la kufanya, mlolongo wote wa hospitali ulio nyuma yao haumfai kitu aliyeanguka.

Elimu yenyewe si ya siri. Mwaka 1960 huko Baltimore, Marekani, wahandisi wawili wa umeme, Kouwenhoven na Knickerbocker, pamoja na daktari aitwaye Jude, walionyesha kwamba moyo uliosimama waweza kusukuma damu kwa kukandamizwa kutoka nje, kifua kisipasuliwe. Kabla ya hapo madaktari wa upasuaji walikuwa wakifungua kifua na kuukamua moyo kwa mkono. Tangu siku hiyo kazi hiyo ikawa ya kila mwenye mikono miwili: kubonyeza katikati ya kifua cha mtu mzima kina cha sentimita 5 au zaidi kidogo, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuona haya na bila kuchoka upesi.

Lakini tusiyapokee ya wengine jumla jumla. Katika nchi tajiri huduma hii imepangwa zaidi kwa ajili ya mtu mzima ambaye mishipa ya moyo wake imeziba, na mashine ya kuushtua moyo imetundikwa ukutani karibu naye. Watu wa namna hiyo wapo kwetu pia, na shinikizo la damu linawaongeza. Hata hivyo milimani twawajua na wengine: mtoto mchanga aliyezaliwa bila kulia, mtoto aliyetumbukia majini, fundi aliyenaswa na umeme, na jamaa walioingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha kwa baridi ya Juni na Julai. Wengi wa hao moyo wao husimama kwa kuwa pumzi ilitangulia kukatika. Kukandamiza kifua pekee hakuwatoshi. Wahitaji kupuliziwa hewa, na yule wa mkaa yapasa kwanza avutwe nje penye hewa safi.

Kwa habari ya pumzi, Tanzania haihitaji kukopa ushahidi. Kuanzia mwaka 2009 wakunga wa hospitali 8 nchini walifundishwa kumsaidia mtoto mchanga apumue katika dakika yake ya kwanza, kwa kumkausha, kumsisimua, na kumpulizia hewa kwa mfuko wa mkono. Matokeo yalitangazwa mwaka 2013: vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa karibu nusu. Vilevile hesabu ya watoto waliosemekana wamezaliwa wafu ilishuka kwa kama robo. Yaani baadhi ya waliokuwa wakifunikwa kitambaa na kuwekwa kando walikuwa hawajafa. Walikuwa hawajapumua tu.

Liko fundisho jingine, nalo latuhusu sote tupendao semina. Katika hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, mafunzo ya siku moja yalipotolewa, wakunga walifanya vizuri mbele ya mwanasesere. Lakini walipochunguzwa kazini, mambo yalikuwa yale yale. Vifo vilipungua pale tu walipoanza kufanya mazoezi mafupi, mara kwa mara, humo humo wodini. Twalisema hili wazi kwa kuwa twaijua desturi yetu: kukusanya watu ukumbini, kuwapa chai, posho na cheti, kisha kurudi mwaka unaofuata na cheti kingine. Mikono husahau. Robo saa ya mazoezi kila mwezi katika kiwanda cha chai, katika karakana ya mbao na katika shule ya sekondari ingefaa kuliko wiki nzima hotelini.

Wako watakaotuambia kwamba bila mashine na bila gari la wagonjwa jitihada hizi ni bure. Hatuwadanganyi wasomaji: hata Ulaya, katika watu 10 ambao moyo husimama nje ya hospitali, huokoka mmoja hivi. Gari lahitajika. Lakini gari nalo tumeanza kulipata kwa akili yetu wenyewe. Mpango wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, humwezesha mama mjamzito au mwenye mtoto mchanga kupiga namba 115 bila malipo na kupelekewa dereva wa karibu pale gari la wagonjwa linapokosekana. Sisi twaona kwamba mlango huo uliofunguliwa kwa mama na mtoto wafaa ufikiriwe pia kwa mfanyakazi aliyenaswa na umeme kiwandani.

Tena, milima hii si mgeni wa utafiti. Amani ilikuwa na taasisi ya sayansi tangu mwaka 1902, na Korogwe, chini tu ya milima, ilishiriki majaribio ya chanjo ya malaria iliyokuja kukubaliwa duniani. Kwa hiyo hatuombi jambo kubwa mno tunapotaka hospitali za Lushoto na Bumbuli, pamoja na zahanati zao, ziandike kwa kila mtu afikishwaye akiwa amezimia au amekata roho mambo haya matatu: alianguka saa ngapi, nani alimgusa kwanza na alimfanyia nini, na alifika saa ngapi. Kazi hiyo yataka daftari, kalamu na saa ya ukutani iendayo sawasawa.